Mkumbara ina uwanja ambao hakuna anayeuhesabu

Mashabiki wa Barcelona wenye kumbukumbu ndefu hawapendi kukumbushwa Agosti 31, 2008. Siku hiyo Pep Guardiola alisimamia mechi yake ya kwanza ya La Liga akiwa kocha mkuu, Messi na Xavi wakiwa uwanjani, na akachapwa 1-0 na Numancia pale Los Pajaritos, mjini Soria. Msimu ule ule Barcelona ilibeba makombe matatu na Numancia ikashuka daraja, kwa hiyo wengi walisahau. Ila jina la Soria lilibaki kwenye vichwa vya watu wa vibanda umiza, kama jina la Kaitaba linavyobaki kwa vigogo wa Dar waliowahi kukwama Bukoba.

Ambacho shabiki hakuambiwa siku ile ni kwamba Soria ni moja ya majimbo yenye watu wachache kuliko yote Hispania. Jimbo zima lina watu wasiofika laki moja. Vijana wameondoka kwenda Madrid, Zaragoza na Barcelona kutafuta kazi. Vijiji vimebaki na wazee na kengele ya kanisa. Hata reli iliondoka. Ile ya Santander-Mediterráneo, iliyokuwa ikikatiza Soria, ilifungwa Januari 1985, na kwa miaka tuta lake likawa malisho ya kondoo.

Leo vipande vya tuta hilo vinapitwa na baiskeli. Si baiskeli za mashindano ya lami zenye matairi kama kamba, ni zile zenye matairi mapana kidogo, zinazotafuna changarawe. Hakuna gari wala lori hapo, na honi haisikiki. Mtu anapiga pedali asubuhi hadi jioni katikati ya mashamba ya ngano, anakutana na mchungaji na mbwa wake, basi.

Hispania haikufanya jambo hili kwa bahati. Mwaka 1993 waliangalia reli zao zilizokufa wakakuta zaidi ya kilomita 7,600 zimelala bila kazi. Wakaanzisha mpango wa kuzigeuza kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli, zinazoitwa Vías Verdes, yaani njia za kijani. Sasa zimevuka kilomita 3,000. Kuna ya Ojos Negros, kilomita 160, iliyokuwa ikishusha chuma kutoka machimbo ya Teruel hadi bandari ya Sagunto. Kuna ya Sierra kule Andalucía, kilomita 36 na mahandaki 30, kwenye reli ambayo haikupata kupitisha garimoshi hata siku moja. Walichimba milima, wakajenga madaraja, fedha zikaisha, mradi ukafa. Watu wa kule walikaa na aibu ya mradi huo kwa miongo kadhaa, na sasa aibu ileile inaleta wageni wanaolala kwenye stesheni zilizogeuzwa nyumba za wageni.

Na si reli tu. Pale Teruel, jimbo lenye wastani wa watu chini ya 10 kwa kilomita ya mraba, kuna njia inayoitwa Montañas Vacías, Milima Mitupu, karibu kilomita 700 za mzunguko. Hakuna aliyemwaga zege wala lami kwa ajili yake. Njia za misitu, za wachungaji na za mashamba zilizokuwepo tangu zamani ziliunganishwa kwenye ramani moja, na maduka, visima na mahali pa kulala vikaandikwa. Kazi kubwa ilikuwa kukaa chini na kuchora.

Kutoka Soria hadi Mkumbara ni mbali, lakini anayeijua Mkumbara ameshaanza kutabasamu.

Kwa asiyeijua: ukitoka Korogwe kuelekea Same, unapita Mombo, mahali mabasi yanaposimama na abiria kununua matunda yaliyoshuka Lushoto. Unaendelea. Kulia kwako safu ya Usambara imesimama kama ukuta, kushoto kwako bonde limetandazwa mpaka macho yanachoka. Mibuyu, migunga, mkonge, vumbi jekundu, ng'ombe wa Wamaasai wakivuka kwa nafasi yao. Mkumbara ni hapo. Abiria wengi wa Arusha huipita wakiwa wamelala, au wakiwa wameinamia simu kuangalia matokeo.

Mahali hapa pamekuwa na njia za kila namna. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, ikafika Mombo, ikasogea Buiko 1909 na Moshi 1911. Mkumbara ikapata stesheni yake. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wakafunga waya wa chuma kutoka Mkumbara kupanda mlimani hadi Shume, zaidi ya mita 1,000 juu ya bonde, wakawa wanashusha magogo ya mwangati kwa kuyaning'iniza hewani mpaka yafike kwenye mabehewa. Wakati huo sehemu nyingine za nchi mzigo ulikuwa bado unabebwa kichwani, ila magogo ya Shume yalikuwa yanasafiri angani. Leo waya hauko.

Kuna reli nyingine ambayo hata wenyeji vijana hawaifahamu. Vita ilipopamba moto, Wajerumani walitandika haraka reli nyembamba ya toroli kutoka Mombo kwenda Handeni, ikivuka mto Pangani pale Mkalamo. Juni 9, 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilipigana nao hapohapo Mkalamo, na baada ya siku chache Handeni ikaanguka. Reli ile haikudumu. Lakini mtu aliyechagua mahali pa kuipitisha hakuwa mjinga: toroli haipendi mlima, kwa hiyo alifuata ardhi tulivu. Na ardhi isiyoichosha toroli haiichoshi baiskeli pia. Handeni na Korogwe, Wazigua na Wasambaa, ziliwahi kuunganishwa na njia nyembamba bila gari hata moja, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa sababu mbaya ya vita. Hakuna hata kibao cha kusema hivyo.

Juu ya hayo yote kuna mkonge. Miche ililetwa mwaka 1893 na Dk Richard Hindorf, ikapitia Florida na Hamburg, na iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu kati ya 1,000. Kutoka kwenye miche hiyo ikatoka Tanganyika iliyoongoza dunia, iliyozalisha kiasi cha tani 230,000 mwaka 1964. Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale, Mazinde: majina ya mashamba hayo yalikuwa makubwa London kabla ya majina ya klabu za soka kuwa makubwa Kariakoo. Baadaye bei ikaanguka, nailoni ikaja, mashamba yakataifishwa, mengine yakabaki pori.

Shamba la mkonge lina tabia moja ambayo mpenda baiskeli hawezi kuipuuza. Limekatwa kwa mistari. Kila baada ya kitalu kuna barabara ya shamba, imenyooka kama mstari wa penalti, pana ya kutosha trekta kupita na mzigo wa majani kuelekea korona. Zingine zilikuwa na reli ndogo za kusukuma toroli. Ukiziunganisha za shamba moja na za shamba la pili, ukaongeza njia za ng'ombe na zile za kwenda mashamba ya mpunga, unapata mtandao ambao Mhispania wa Teruel angeuona akadhani amefika peponi. Sehemu kubwa ya siku hakuna kinachopita humo ila wakata mkonge, watoto wa shule, wafugaji, na bodaboda moja moja.

Tusidanganyane, si zulia. Miba ya mkonge na ya mgunga haina huruma na tyubu, na fundi baiskeli yeyote wa Mombo ana debe la tyubu zilizozibwa viraka mpaka viraka vyenyewe vina viraka. Jua la saa saba pale bondeni si la kucheza nalo, kwa kuwa milima inaikamata mvua kabla haijashuka. Masika ikiamua kunyesha kweli, udongo unageuka ugali na gurudumu haliendi mbele wala nyuma. Mwendesha baiskeli wa Mkumbara anajua kutoka alfajiri na kurudi kabla ya saa nne, au kungoja jioni.

Ajabu ni kwamba pamoja na mtandao wote huo, baiskeli nyingi za Mkumbara zinapita barabara kuu.

Barabara hiyo ndiyo inayobeba kila kitu kati ya Dar es Salaam na Kaskazini. Mabasi ya Arusha, malori ya saruji na mafuta, magari ya viongozi yenye ving'ora, Noah za harusi na za misiba. Usiku wa kuamkia Februari 4, 2023, watu wasiopungua 17 walikufa pale Magila Gereza, Korogwe, gari dogo lililokuwa na wafiwa lilipogongana na lori. Walikuwa wanapeleka mwili wa ndugu yao Rombo kuzika. Nchi nzima ililia. Kama watu waliokuwa ndani ya gari, wameketi vitini, barabara hiyo iliwafanya vile, kijana mwenye Phoenix isiyo na taa ana kinga gani?

Na kijana huyo si wa kutungwa, ni shabiki. Anaishi kambi ya mkonge, kilomita chache kutoka senta. Jumamosi jioni kuna Arsenal, Jumapili kuna Simba au Yanga, na nyumbani hakuna king'amuzi. Kibanda umiza kiko barabarani, pale penye umeme na maduka. Kwa hiyo anapanda baiskeli, mdogo wake juu ya kariya, na anakwenda. Wakati wa kwenda bado kuna mwanga. Mechi ya usiku inaisha saa tano na ushee, ikiwa na dakika za nyongeza ni saa sita. Hapo anarudi. Upande wa kushoto kuna ukingo wa lami uliokatika kama biskuti, upande wa kulia basi linalotaka kuwahi Segera. Taa za basi zinampofusha. Anashuka kwenye majani, anangoja, anapanda tena. Mzazi wake kule kambini hajalala mpaka asikie cheni ya baiskeli uani.

Nyuma ya maduka yale yale, hatua 200 kutoka kwenye lami, kuna barabara ya shamba inayofika kambini. Haitumii usiku. Kuna mfereji uliobomoka, kuna geti, kuna mlinzi ambaye akimkuta mtu na baiskeli saa sita usiku anamhesabu mwizi wa singa, na kwa haki yake, kwa sababu wezi wapo. Kwa hiyo njia salama ni ile ambayo kijana anaogopa kukamatwa, na ile anayoruhusiwa ndiyo inayoweza kumuua. Jambo hili lingekuwa la soka, lingeitishiwa kikao cha dharura.

Serikali, klabu na mashabiki sasa hivi wote wanazungumza AFCON 2027. Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji, na Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000. Ni jambo la fahari. Lakini uwanja ule utajazwa na nani? Watu wa Dar, Morogoro, Pwani na Tanga watakaopanda mabasi, na mabasi hayo njia yao ni Segera, Korogwe, Mombo, Mkumbara. Wiki za mechi barabara ile itakuwa na magari ambayo haijawahi kuyaona, madereva wamelala saa tatu, mashabiki wanapiga vuvuzela dirishani. Mipango ya viwanja ipo, na ya hoteli ipo. Ya mtoto wa Mkumbara mwenye baiskeli haijasikika.

Mtu atasema: watu wa Mkumbara wanataka lami, ninyi mnawaletea habari ya changarawe? Hoja hiyo ina nguvu na isipuuzwe. Mama mjamzito anayepelekwa Magunga usiku hahitaji njia ya baiskeli, anahitaji barabara ambayo gari la wagonjwa halinasi. Mzungu anaweza kutua uwanja wa ndege, akapiga picha ya vumbi jekundu, akasema pazuri sana, pabaki hivi hivi, kisha akaondoka. Anayebaki ndiye anayekula vumbi. Kijiji kikiombwa kibaki kibovu ili wageni wafurahi, kijiji kina haki ya kukataa na hata kumfukuza aliyeomba.

Lakini Hispania hawakuacha kijiji chochote bila lami ili waendesha baiskeli wapate changarawe. Lami ilipita kwake, njia ya kale ikabaki kwake. Hapa kosa linakuja kwa namna nyingine: lami inapofika, njia ya miguu na baiskeli inakufa, kwa sababu lami inajengwa juu yake hasa, bila kuacha hata mita moja pembeni. Babu aliyekuwa anakwenda sokoni kwa baiskeli miaka 40 anaamka siku moja na kukuta njia yake imekuwa ya malori. Anaambiwa ni maendeleo. Anarudisha baiskeli ndani, na kuanzia siku hiyo anamlipa bodaboda shilingi elfu mbili kwenda na kurudi.

Kuna na dharau. Hili ni gumu kulisema kwenye kurasa za michezo, lakini lipo. Baiskeli nchini imepewa cheo cha umaskini. Mchezaji wa Ligi Kuu akionekana na Crown anapigiwa makofi, akionekana na baiskeli watu wanauliza klabu haijalipa mishahara? Mjini, wenye vipato wameanza kuvaa kofia ngumu na suruali za kubana, wanapiga pedali Jumapili asubuhi, na hao wanaitwa wanamichezo. Wa Mkumbara anayepiga kilomita 20 kila siku na gunia la mkaa nyuma haitwi chochote. Mapafu yake yangepimwa, kocha mwenye akili angetetemeka.

Kigali iliwafunga watu mdomo kuhusu jambo hili. Septemba 2025 Rwanda iliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kabisa kufanyika Afrika, Tadej Pogačar akabeba upande wa wanaume na Magdeleine Vallieres wa Canada upande wa wanawake. Kando ya barabara walisimama maelfu kwa maelfu ya watu, wengine wamepanda miti. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Eritrea! Nchi ambayo shabiki wa soka wa Tanzania anaifahamu kwa timu kutoonekana kwenye ratiba.

Upande wa changarawe, Kenya iko mbele. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race inayokatiza Maasai Mara kwa siku nne, na timu ya Amani imewakusanya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda na kuwapeleka Ulaya na Marekani. Nahodha wao, Suleiman Kangangi, alikuwa mtu wa Eldoret aliyejifunza baiskeli kwa shida hizi hizi za barabarani. Alifariki Agosti 2022 akiwa na miaka 33, baada ya kuanguka kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba changarawe haina hatari. Ina hatari yake. Tofauti ni kwamba Kangangi aliijua hatari ya mchezo wake na akaichagua. Mtoto wa kambi ya mkonge anayebanwa na basi hakuchagua kitu.

Tanzania ina waendeshaji. Shinyanga na Mwanza baiskeli ni sehemu ya maisha, na mbio za Kanda ya Ziwa zimewahi kujaza watu kuliko mechi nyingi za Ligi Kuu. Msafara wa Twende Butiama unawapeleka watu kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam mpaka kijijini kwa Mwalimu. CHABATA, chama cha mchezo huo, kipo. Ila karibu kila mbio inafanyika kwenye lami, ambako lazima polisi wafunge barabara, ambako kufunga barabara ni gharama na lawama. Halafu chama kinalia hakina fedha za mashindano. Kwenye barabara za mkonge hakuna cha kufunga. Unahitaji ruhusa ya mwenye shamba, maji, daktari na watu wa kusimama kwenye kona.

Ruhusa ndiyo kiini, na hapo lazima wenye mashamba wasikilizwe. Shamba si la kijiji. Korona ikiungua au singa zikiibwa, anayelia ni mwenye shamba na wakulima wadogo walioko kwenye vyama vya ushirika wa mkonge. Hawezi kufungua geti kwa kila mwenye magurudumu mawili. Lakini haombwi kufungua shamba zima. Anaombwa njia moja. Njia moja kutoka Mkumbara kushuka Mazinde hadi Mombo, na nyingine kutoka hapo kufuata ile ya toroli kwenda Mkalamo na Handeni, iliyochorwa, yenye vibao, inayojulikana kwa mlinzi, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa polisi kata. Mlinzi akijua kwamba mwenye baiskeli kwenye mstari huu ni mpita njia na mwenye baiskeli katikati ya kitalu ni mwizi, kazi yake inakuwa rahisi kuliko sasa.

Na asiguse mtu reli kubwa. Kuna wanaosikia habari ya Hispania na kufikiria tuta la reli ya Tanga. Hapana. Garimoshi la mizigo limerudi mwaka 2019, la abiria la Dar hadi Moshi likafuata Desemba mwaka huo, na Arusha 2020. Hispania waliweka baiskeli mahali garimoshi lilipokufa. Mkumbara garimoshi limefufuka, na heri iwe hivyo, kwa sababu shabiki anayekwenda Arusha kwa behewa ni basi moja pungufu barabarani.

Gharama? Kalavati tatu au nne, vibao, kufyeka mara mbili kwa mwaka, kumjaza kifusi pale panapotuama maji. TARURA wanafanya kazi kubwa kuliko hiyo kila robo ya mwaka. Halmashauri za Korogwe na Handeni zina maofisa michezo ambao mwaka mzima kazi yao ni kombe la diwani na UMITASHUMTA. Hakuna ubaya na kombe la diwani, wapo wachezaji wa Coastal Union waliotokea huko. Lakini ofisa michezo mwenye ramani, baiskeli yake mwenyewe na siku tatu anaweza kuchora njia hii kabla ya msimu kuisha. Aanze na mafundi baiskeli, hao wanajua kila kichochoro, kila mti wenye kivuli, kila nyumba inayouza maji. Wazee wa kambi nao wanajua toroli zilikopita, na wazee hao hawaongezeki.

Jambo la kwanza la kufanywa si hata mbio. Ni ile njia ya nyuma ya maduka, kutoka kibanda umiza hadi kambini. Izibwe pale mfereji ulipobomoka, mlinzi apewe orodha ya vijana wa kambi, geti dogo la baiskeli liachwe wazi usiku wa mechi. Msimu wa Ligi ya Mabingwa Ulaya unaanza Septemba, na mechi zile huanza saa nne usiku.